Taa Tano za Boris

Mwaka 2012, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hakuna aliyemshinda Boris kwa ukarimu. Fundi huyu wa redio kutoka Burundi alikuwa amebuni bodi ya kujifunzia elektroniki: kibao cha shaba chenye chipu moja inayotii amri ulizoandika kwenye kompyuta, na taa tano zinazokonyeza kwa zamu. Njia za umeme alizichora mwenyewe, akazichapisha kwenye karatasi laini ya jarida, akazihamishia kwenye shaba kwa pasi ya makaa. Kisha akabandika mchoro katika kila saiba, yale maduka ya intaneti, Kakuma hadi Lodwar, na chini yake akaandika: "Nakili, badilisha, gawa. Ni bure."

Hakuna aliyenakili. Watu walikuja kibandani kwake, wakazitazama taa, wakauliza kama bodi inachaji simu. Walipoambiwa haichaji, walimpa pole.

"Akipatikana mtu mmoja tu wa kuitengeneza," Boris alimwambia mkewe, Jeanine, "nitajua sikuyachosha macho yangu bure."

Mapema mwaka uliofuata mtu huyo akaja. Alikuwa Ewoi, fundi simu wa Lodwar, vumbi la barabara limemjaa hadi kwenye kope.

"Ejok, mwalimu," alisalimia kwa Kiturkana, akaweka bodi mezani.

Boris aliifuta kwa shati lake kama anayepangusa uso wa mtoto. Kisha akanuna.

"Taa zangu ziko wapi?"

"Nimeacha moja, inatosha. Hapa nimeweka kipande cha kushusha umeme, ikubali betri ya pikipiki. Yako inamaliza betri za tochi kama mbuzi anamaliza maboksi."

"Nani alikuambia uguse?"

"Si wewe? Uliandika badilisha."

"Ndugu yangu, niliandika kwa adabu. Mtu akikukuta unakula, si unamwambia karibu?"

"Sasa mimi nilikuwa na njaa."

Jeanine, aliyekuwa akichagua maharage, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Boris hakucheka. Alimwamuru mgeni afute jina la Boris lililoandikwa kwenye bodi hiyo.

"Nikifuta nitakuwa mwizi," alisema Ewoi. Akaiacha pale pale, akaenda kutafuta gari la kurudi Lodwar.

Boris hakuigusa, yaani, hakuigusa mbele ya mkewe. Betri zake za tochi zilipokwisha, aliiunganisha na betri ya pikipiki ya jirani. Ikafanya kazi. Lakini ile taa moja, ikikonyeza peke yake kama mjane, ilimtia uchungu. Akachora upya: kipande cha Ewoi akakiacha, taa mbili akazirudisha, majina yote mawili akayaandika. Mchoro akautuma Lodwar.

Ewoi alipoupata, alipiga simu papo hapo. Taa za nini tena? Mashimo ya skrubu yamesogezwa kwa ruhusa ya nani? Na huyo aliyechora, amewahi kuona betri ya pikipiki inavyotikisika njia ya Lorugum?

Boris aliitenga simu kidogo na sikio, akamwashiria Jeanine asogee naye asikie. Alikuwa akitabasamu.