Siku Niliyojitafuta kwenye Barua za Sekela

Nakiri kabisa, aibu hii nilijitafutia mwenyewe, hakuna wa kumsingizia, na mpaka leo wazazi wa wenzangu wakija shuleni najifanya tumbo linauma nabaki bwenini, kwa sababu ukumbi mzima wa watu wazima ulisoma moyo wangu ukutani, kwa herufi kubwa.

Mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa swali darasani jibu linaishia kooni. Kwetu ni Ubaruku, na tangu nilipofika hapa Iringa Kidato cha Kwanza, nikitetemeka na baridi ndani ya sweta la kaka yangu, rafiki nimepata mmoja tu, Sekela wa Mbeya mjini. Aliniona nimekaa peke yangu akasema, "Wee, sogea huko, mimi nasikia baridi," basi, tukakaa dawati moja miaka miwili. Halafu mwaka huu akahamia shuleni kwetu Vanessa, naye wa Mbeya, wanajuana mpaka mtu anayeuza vitumbua mtaani kwao (wote tunanyolewa hapa shuleni, lakini Vanessa hata upara unampendeza, Mungu anisamehe). Wiki ya tatu Sekela akahamia dawati la Vanessa.

"Kabula, ni kwa muda tu," aliniambia.

Muda gani, sikuuliza. Nilisema "sawa" nikainama chini ya dawati kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Sasa lazima niwaeleze habari ya ugali. Maabara yetu ya kompyuta hufunguliwa intaneti Jumamosi tu, na siku ya kwanza Mwalimu Mgaya alitusainisha fomu kwamba shule itaona kila tunachofanya mtandaoni. Fomu ilikuwa ndefu, nani aisome? Dada wa Kidato cha Nne ndio waliotufafanulia: mwalimu anakuona kupitia lile tundu la kamera juu ya skrini, kwa hiyo ziba tundu, umepona. Basi kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda na donge la ugali kwenye leso, unabandika kwenye kamera, unakuwa huru kama uko kwenu. Mwalimu alikuwa anapita, anaona madonge yamepangana, anatabasamu tu. Tukajua tumemweza.

Ikafika Jumamosi ya kikao cha wazazi. Mwalimu Mgaya akatuambia sisi wa maabara tufanye kazi zetu kama kawaida, yeye atakuwa bwaloni na projekta, anawaonyesha wazazi jinsi shule inavyotulinda mtandaoni. Na waliochaguliwa kupokea wageni na kugawa chai ni nani? Sekela na Vanessa. Tena wamefunga vitenge vya kufanana! Niliwaona wanapita dirishani wamebeba birika moja, huku mmoja huku mmoja, wanacheka, na pale pale nikasema, leo lazima nijue wananisema nini.

Pasiwedi ya Sekela nilikuwa nayo. Yeye husahau, na siku tulipopewa barua pepe za shule aliniambia, "Nitunzie wewe, wewe ndiye mwenye akili," nikaiandika nyuma ya daftari la Jiografia. Nikabandika ugali wangu (nilibandika mara mbili, kwa usalama), nikaingia.

Barua ya kwanza niliyofungua ilitoka kwa Vanessa: "Sekela usimwambie mtu, hesabu nimepata kumi na moja, mama nimemdanganya sitini na moja, nisaidie kabla ya mtihani." Nyingine ilikuwa ya vipeo, nyingine ya milinganyo. Nikashuka, nikashuka, jina langu silioni. Nikaliandika kwenye kisanduku cha kutafutia: Kabula. Hakuna kilichopatikana. Nikajaribu kwa herufi ndogo. Hakuna. Nikaweka na jina la baba. Hakuna. Jamani, nilikuwa nimejiandaa kusengenywa, lakini kutokutajwa kabisa sikuwa nimejiandaa! Ng'ambo ya ukuta, bwaloni, watu wakaangua kicheko, nami nikawaza, wenzangu wanafurahi na maandazi yao.

Ndipo nikafanya ujinga mkubwa zaidi. Nikaanza kumwandikia Vanessa, kwa jina la Sekela: "Vanessa, naomba nirudi dawati langu la zamani. Nimefikiria sana. Rafiki yangu wa kweli ni Kabula. Ni mpole, ana akili, na hata upara wake ni mzuri." Kicheko bwaloni kikazidi. Nikafuta "mzuri" nikaandika "mzuri kuliko wako". Huko nje watu wakapiga na makofi.

Mlango wa maabara ukafunguliwa. Alisimama baba yangu, ametoka Ubaruku alfajiri, kofia ameishika mkononi, na naye ni mtu wa haya kama mimi, sijui hata alipataje nguvu ya kunyanyuka mbele za watu.

"Kabula, mwanangu," akasema taratibu, "acha kuandika. Tunaona."

Kumbe programu ya mwalimu inachukua skrini yenyewe, kamera haina habari nayo, na katika kubonyeza bonyeza mbele ya wazazi alikuwa ameangukia yangu. Alipoona jina langu akahangaika kuifunga, lakini mashine ikagoma, skrini yangu ikaendelea kuonekana ukutani. Nilipoitwa ofisini Mwalimu alisema neno moja tu, "Ugali ni wa kula," kisha akanifungia maabara muhula mzima. Mama yake Sekela naye alimkalia kooni: "Mwalimu, kulinda watoto ndiyo kuzisoma barua zao hadharani?"

Lakini aliyeumia kuliko mimi alikuwa Vanessa. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, ameshika kikombe, akasoma ile kumi na moja pamoja na watu wote. Nilimkuta Vanessa nyuma ya jiko analia. Nikamwambia nisamehe. Akanigeuzia mgongo, na ana haki.

Siku nne Sekela alikuwa akiniona anapita njia nyingine. Siku ya tano nikamfuata bombani, nikamuuliza kile ambacho nilipaswa kuuliza tangu mwanzo: "Mbona hujawahi kunitaja hata mara moja?"

Akaweka ndoo chini. "Wewe Kabula! Ya kwako nakwambia wewe mwenyewe. Nimwandikie Vanessa ya nini?" Halafu, kabla sijapumua: "Na pasiwedi nimebadilisha. Safari hii nitakariri mwenyewe."

Hajarudi dawati langu. Wivu bado ninao, sitaki kuwadanganya, wakicheka kule nyuma sikio langu linakwenda lenyewe. Ila akaunti ya mtu sifungui tena, hata nikipewa ufunguo mkononi. Nikitaka kujua kama napendwa nitauliza kwa mdomo, sauti itetemeke itakavyo, angalau atakayesikia ni mmoja.