Ndama wa Ijara na Maji Yasiyobisha Hodi

Niliondoka Garissa kwa sababu dada yangu Habiba alipiga simu kutoka Ijara. Ukame ulimwachia ndama watatu tu, mumewe yuko mbali akichunga ng'ombe wakubwa waliobaki, na sasa mvua imejaza silanga, bwawa la kunyweshea mifugo. "Njoo unisaidie kuwashika," alisema, "wasinywe ovyo wakafa."

Asubuhi nilipanda lori na mjomba wetu, Abti Dubow, mtu wa ngamia tangu utotoni. Nilisinzia. Kila nikifumbua macho, maji yalikuwa yamelala pande zote, mbingu imo ndani yake, twiga wanavuka mawinguni. Mimi niliona kundi zima. Abti anasema walikuwa wawili.

Kotile tulishuka kunywa chai. Mama wa kibanda alimcheka Abti: "Mzee wa ngamia anaenda kwa ng'ombe? Dunia imeisha!"

"Naenda kuwafundisha adabu," akajibu.

Ijara tulifika mchana. Habiba alimkabidhi kila mmoja wetu ndama na kamba. Akaagiza: anywe kidogo, arudi kivulini, kisha kidogo tena. Ndama wa Abti alilia, shingo kaikaza kuelekea majini.

"Habiba, hii ni roho mbaya! Kiumbe cha Mungu kinaona maji!"

"Abti, wallahi, huyo si ngamia."

Abti akalegeza kamba. Ndama akanywa mpaka tumbo likajaa. Niseme haki: kwa ngamia angekuwa sawa, na mkono wangu pia ulishaanza kulegea.

Alasiri ndama yule alikojoa mkojo mwekundu kama chai ya rangi, akaanguka. Habiba alimpigia afisa wa mifugo, mama mmoja mpole. Alisema damu ina chembe, kila chembe kama kifuko chenye ngozi nyembamba. Maji hupenya ngozi hiyo kwa urahisi, chumvi haipiti ovyo. Mnyama aliyekauka akinywa mengi ghafla, damu nje ya vifuko huwa nyepesi, yenye chumvi kidogo kuliko ndani. Basi maji hujiingiza yenyewe kwenye chumvi nyingi, hayasukumwi na mtu, mpaka vifuko vinapasuka na wekundu wake kutokea kwenye mkojo.

"Vya ngamia huvimba tu, havipasuki upesi," akamalizia. " Huyo mkatazeni maji, alambe chumvi."

Abti aliketi chini. Alikipakata kichwa cha ndama, akamlambisha chumvi kiganjani. Nami nililala hapo karibu, nikaota niko ndani ya damu, kuta laini zinapumua, maji yanapita katikati yake kama ukungu, polepole, hayana haraka wala nia mbaya.

Kulipopambazuka ndama alisimama akakojoa. Tuliinama sote watatu kutazama, bila aibu. Manjano. Habiba alikaa chini akalia.

Nilirudi Garissa peke yangu. Niliishia darasa la saba, huenda sikuelewa yote. Ila nimejua kuwa maji hayajui huruma wala ukatili. Yanafuata chumvi tu, na kupima ni kazi yetu. Abti amebaki Ijara. Habiba anasema siku hizi mzee hanyweshi ndama hata tone mpaka amuulize yeye kwanza.