Kaseti ya Heshima

Mume wangu alikuwa mpiga video za harusi mjini Jinja. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo lililotumaliza. Angekuwa seremala au fundi baiskeli aliyeamua siku moja kutengeneza filamu, labda mama yake angekuwa bado na nyumba yake Malukhu, kule Mbale. Lakini alikuwa mtu wa harusi, na filamu akaiendesha kwa adabu za harusi.

Miaka ile ya tisini hakuna aliyeoa Jinja bila kutaka video, hata kama nyumbani kwake hakuna televisheni. Mume wangu alikuwa na kamera moja kubwa ya kubeba begani, na chumbani kwetu mezani deki mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ya kuchezesha, nyingine ya kunakili. Kazi hiyo ina desturi yake. Wazazi wa bibi harusi wanaona kwanza, kisha wazazi wa bwana harusi, kisha mwenyekiti wa kamati. Kila mmoja anapewa kaseti yake, na kila kaseti inafunguka na maua na maandishi yanayopita polepole kwenye kioo: zawadi kwa baba na mama fulani. Yeye aliziita kaseti za heshima. Mpiga video aliyethubutu kumwonyesha jirani harusi kabla ya mama mzazi hakupata tena kazi Busoga nzima.

Mimi ni mtoto wa askari jela. Nilizaliwa kwenye nyumba za askari, Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya, na kwa kuwa kwetu Kiswahili ni lugha ya askari, nimezoea kuonekana mtu wa serikali kila ninapofungua mdomo sokoni. Mume wangu ni Mgisu wa Mbale. Kwa kuwa Lumasaba, lugha yao, siijui, mimi na mama mkwe tuliongea Kiswahili chake cha sokoni, alichokiokota akiwauzia wanajeshi na Wakenya vitunguu. Kilikuwa kimevunjika kila mahali, na nilikielewa kuliko cha redio.

Filamu ilikuwa hadithi ya askari anayerudi kutoka vitani na kukuta amekwisha kuwekewa matanga. Ndugu zake wamegawana michango ya msiba, mkewe amekabidhiwa kwa kaka mtu, na hakuna hata mmoja anayefurahi kumwona yu hai. Mimi nilikuwa mke. Si kwamba nilijua kuigiza, bali sikuhitaji kulipwa. Baba alitoa koti lake kuukuu la kazini, jirani zetu wakawa waombolezaji. Siku ya kupiga picha za matanga nililia kweli, kwa sababu nilimkumbuka dada yangu aliyefariki. Mama mmoja aliyekuwa anapita njia aliingia na kuni kichwani, akaketi, akalia nasi mpaka mwisho, ndipo akauliza marehemu alikuwa nani.

Pesa za kazi yote hiyo zilitoka Malukhu. Mama mkwe alikuwa na nyumba ya vyumba vinne: kimoja analala, vitatu anapangisha, na kodi hiyo ndiyo iliyomstaafisha kwenye vitunguu. Mume wangu alimwomba aiweke rehani kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi pale Mbale. Nilikuwepo. Nilitumaini atakataa.

"Mtoto yangu natengeneza sinema," alisema. "Mimi nakataa namna gani?"

Hesabu ya mume wangu ilikuwa nzuri mno kuisikiliza. Ukumbini, alisema, tunarudisha gharama tu. Faida iko kwenye kaseti. Kwanza ukumbi wa Jinja, halafu wa Mbale. Baada ya hapo kila kibanda cha video kitatulipa ili kionyeshe. Baada ya vibanda ndipo tunauza kaseti za kuangalia nyumbani, kwa wafanyakazi wa serikali, kwa familia za Wahindi, kwa Wakenya pale Busia. Ukumbi ni ndama, alikuwa akiniambia, tunamuuza mara moja; kaseti ni maziwa ya kila asubuhi. Alinieleza hivyo mpaka nikawa naota maziwa.

Tulinunua kaseti tupu kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyerudishiwa duka la babake kwenye barabara kuu, walilonyang'anywa Wahindi walipofukuzwa nchini. Alikodisha pia filamu za kwao. Aliposikia habari zetu alitaka kuinunua filamu yote kabisa, kwa malipo ya mara moja, kabla haijaonyeshwa popote. Kiasi alichotaja kingeikomboa nyumba, na juu yake kingebaki kidogo sana.

"Bwana, sikia mimi," alimwambia mume wangu. "Kaseti ya kwanza unauza wewe. Ya pili anauza jirani yako. Nipe yote leo, hasara iwe yangu."

Mume wangu alicheka, na tulipofika nyumbani akasema yule mzee anataka kutula wabichi. Nilimwambia auze. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa kambi, nimelelewa na mshahara wa mwisho wa mwezi, biashara nitaijulia wapi. Neno lile lilinichoma na bado linanichoma. Siku mbili baadaye nilimkuta tayari amekaa mezani ananakili.

Ananakili nini? Kaseti za heshima! Ukumbi haujakodiwa, tangazo halijabandikwa, yeye anamwandalia kila mwigizaji kaseti yake, na ya kwanza kabisa ya mama yake. Alikesha nayo kuliko alivyokesha na filamu yenyewe. Ilifunguka na maua mekundu, kisha maandishi: Zawadi kwa mama yangu mpendwa, Malukhu, Mbale. Bila wewe nisingekuwa mtu.

"Uza kwanza," nilimwambia. "Heshima itakuja baadaye."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Unataka mama aone filamu yake baada ya makuli wa sokoni?"

Basi kaseti ikapanda basi kwenda Mbale, imefungwa kwa karatasi ya zawadi.

Jinja watu walikuja. Hawakujaza ukumbi, lakini walikuja, wakalia palipotakiwa kulia, na mwalimu mmoja akanishika mkono akisema nimemtoa machozi. Kiingilio hakikutosha gharama. Mume wangu hakujali. "Si nilikuambia? Huyo ni ndama tu."

Wiki mbili baadaye tukaenda Mbale. Tulikodi ukumbi, tukabandika karatasi, tukazungusha kipaza sauti mitaani. Jumapili mchana tulikaa ndani na watu wasiotosha kujaza benchi mbili, na kati yao mama mkwe na wanawake wenzake wa kanisani, waliovaa nguo zao za Krismasi. Nilitoka nje kumuuliza mlinzi wa mlango kama watu wamekosea saa.

"Madamu, hii sinema watu nasha ona," alisema. "Iko kule Industrial, kwa kibanda. Kule nacheka sana."

Tulikwenda huko kwenye eneo la viwanda mimi na mume wangu, mama tukamwacha na wenzake. Kibanda kilikuwa nyuma ya ghala, mabati matupu, gunia mlangoni badala ya pazia, jenereta inanguruma kwenye nyasi. Tulilipa kiingilio kama watu wengine. Ndani joto lilikuwa la tanuri na hapakuwa na pa kukaa. Filamu ndiyo kwanza inaanza. Yakatokea maua mekundu, yaliyofifia kidogo, na chini yake maandishi yakaanza kupita. Nilimsikia mume wangu akivuta pumzi. Kabla maandishi hayajaisha, kibanda kizima kilipaza sauti pamoja, kama watoto wanaosomeshwa: "Malukhu, Mbale!"

Walikuwa wameshayakariri. Walikuwa wanayapenda.

Pembeni ya televisheni alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake. Vibanda vyetu havikuonyesha filamu bila mtu wa kusema juu yake, na watu walichagua kibanda kwa kumfuata mtafsiri. Filamu yetu ilikuwa ya Kiswahili, yeye akaifanya ya Kiganda na Lumasaba, na akaifanya ya kuchekesha. Askari anayerudi kutoka vitani akawa mlevi aliyesahau kwake. Kaka mtu akawa anadai jembe lake. Nilipotokea mimi kwenye matanga, nimejitupa chini, nalia kwa kumkumbuka dada yangu, yule bwana akatia sauti nyembamba, na watu wakaangua kicheko mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Nilimwomba aliye karibu nami anieleze ninasema nini. Alifuta machozi ya kucheka kwanza, halafu akanieleza kwamba yule mwanamke analilia nyama, wageni wa msiba wamemmalizia nyama yote.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mtafsiri, na chuki yangu ilizidi kwa sababu alikuwa hodari. Watu walisimama mpaka mlangoni. Sisi tulikuwa na benchi mbili.

Filamu ilipokwisha tulimkabili mwenye kibanda. Hakuficha wala hakuona haya. "Kaseti mimi napata kwa mtu," alisema. "Yule napata kwa mtu mwingine. Kwani mbaya nini? Watu nafurahi." Tulipomwambia kwamba filamu ni yetu alisikitika kweli, akatupa pole kama tuliofiwa, akatia mkono mfukoni akaturudishia kiingilio chetu. Mume wangu alikipokea. Ndiyo pesa pekee ambayo filamu yetu iliwahi kupata kutoka kwenye vibanda vya video.

Polisi walituuliza kilichoibiwa ni nini. Tukasema filamu. Afande akaitazama kaseti iliyokuwa mkononi mwa mume wangu, akauliza, "Si hii hapa?"

Kutoka hapo tulianza kukutana nayo kila mahali. Jinja kwenyewe ilikuwa kwenye vibanda vitatu. Mkenya wa Busia, mpakani, tuliyemtegemea anunue kaseti zetu alisema anayo tayari, tena ameshauza. Ilifika Tororo, ikafika Soroti, nakala ya nakala ya nakala, sura zetu zimekuwa za kijivu, na kila moja inaanza na maua yale yale na mama wa Malukhu. Mzee wa duka la kaseti naye alikuwa anaikodisha. Hakutukumbusha maneno yake, alituagizia soda tu.

Hatukuhitaji kuuliza imetokea wapi. Kaseti za waigizaji zilianza na majina yao. Hii ilikuwa ya mama. Alikuwa amewaonyesha wapangaji wake kwa deki ya mmoja wao, kisha akamwazimisha mwenzake wa kwaya, na huyo akamwazimisha shemeji yake, na shemeji mtu anafanya kazi kwenye ghala lile la Industrial. Hakuna aliyeiba. Angekosa vipi kuazimisha? Mwanawe amemwandikia kwamba bila yeye asingekuwa mtu, naye akae na maneno hayo sandukuni?

"Usimwambie," mume wangu alisema. "Utamuua."

Mfanyabiashara wa mahindi aliongeza muda, kisha akachoka kuongeza. Nyumba ikaenda. Alikuwa na utu kidogo, akamwachia mama mkwe chumba cha nyuma, kwa kodi, katika nyumba aliyoijenga kwa vitunguu. Mama mkwe akarudi sokoni. Mume wangu akarudi kwenye harusi, na akaacha kwenda Mbale. Kila mara alikuwa na kazi mwisho wa wiki. Kumtazama mama yake akawa ameniachia mimi, mtu wa kambi nisiyejua biashara, na nilikwenda na sukari na sabuni nikiwa nimemkasirikia njia nzima.

Mara moja, filamu ikiwa na zaidi ya mwaka tangu itoke, nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Aliniuliza habari za watoto, na za mume wangu, kisha akaniuliza lile ambalo siku zote nilikuwa naliogopa.

"Ile pesa ya kaseti, nakuja lini? Mtoto yangu nasema, faida iko kwa kaseti."

Nilisema bado. Nilisema biashara imechelewa. Nilikuwa nimechoka kulinda uongo usio wangu, na nikafungua mdomo nimweleze yote, kaseti yake, shemeji wa ghalani, yote. Lakini alikuwa ameshashika mkono wangu.

"Ee, usiogope. Nakuja tu. Mimi nasaidia." Akainamisha kichwa karibu nami, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Kule Industrial, wakionyesha, mimi naenda. Kila mara mimi naenda. Mlangoni wanasema, mama, wewe ingia bure, hii ni jina yako. Mimi nakataa! Nasema, hii ni kazi ya mtoto yangu, mimi nalipa kama watu. Ile pesa lazima naenda Jinja kwake." Akanitazama. "Nafika?"

Nilimtazama yule mama, vidole vyake vimerudi kunuka vitunguu.

"Inafika, mama," nikasema.

Akapiga makofi, akasukuma ungo wa maharagwe pembeni. "Leo mchana wanaonyesha tena," alisema, na akafungua fundo la leso yake. "Twende. Mimi nalipa wewe pia."