Binti yangu aliomba uji asubuhi ya kupigwa stima, nikamnyima

Wakuu, hamjambo huko kwa simu zenu. Mimi ni susu, yaani nyanya, wa huku Kola, Machakos. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo ukiona herufi imelala vibaya, iruke usonge mbele. Maneno yenyewe yamesimama wima, sijaongeza kitu.

Ilikuwa ule mwaka tulikula muthokoi, yaani mahindi ya kukoboa, bila maharagwe.

Watu wa Ukambani mnaujua. Ndengu zilikauka zikiwa maua. Kunde tulichuma majani mpaka ikabaki vijiti. Mahindi ya kukoboa tulinunua ya kutoka Matuu, na mimi ni mtu wa shamba. Mtu wa shamba kununua mahindi ni aibu unabeba kichwani watu wote wakiona.

Sasa mwaka huo, kila mtu akitafuta cha kutia tumboni, binti yangu Mwende alikuwa na sahani mbele yake na hali.

Naandika kwa sababu kuna mtu hapa amesema hospitali wanachoma watu ubongo na stima, eti kama kuchoma mahindi. Wewe kijana, kaa chini. Mimi nilikuwa pale.

Mwende ni kitinda mimba wangu. Alikuwa anashona nguo pale Katangi, ameolewa na Mutua, kijana mpole, hata akikanyagwa anaomba msamaha yeye. Mwende sasa si mpole. Akicheka, ng'ombe wa jirani anageuka kuangalia.

Depression haikuja na kelele. Kwanza aliacha kucheka. Halafu akaacha cherehani. Akaacha kuoga. Akaacha kuongea.

Mwisho akaacha kumeza. Unamwekea chai mdomoni, inatoka kwa pembe ya mdomo, inaloa leso. Mabega ikatokeza kama mpini.

Tuliambiwa amerogwa. Tuliambiwa ni kiburi, ni uvivu. Mama mkwe wake, Mama Mutua, ni mtu wa maombi, yeye akasema ni roho ya kunyamaza. Tukaomba. Mimi pia niliomba, tena kwa magoti, msinione mpagani. Lakini sijasikia mahali Mungu amekataza mtu kwenda hospitali.

Vidonge vya kwanza alitema. Vya pili vikaingia, havikushika. Akalazwa.

Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alituita mimi na Mutua akasema, huyu amefika mahali hatuwezi kungoja dawa ifanye kazi polepole, mwili utaisha kwanza. Iko njia ya haraka, inaitwa ECT.

"Hiyo ndiyo ile ya stima?" nikamuuliza.

"Ndiyo, susu."

"Na mnachoma nini huko ndani?"

Hakucheka. Nilimpenda kwa hiyo.

Akanieleza. Hakuna kinachochomwa. Analazwa na dawa ya usingizi, anapewa nyingine ya kulegeza mwili asijiumize. Halafu stima kidogo inapitishwa kichwani, muda mfupi tu, ubongo unapata kifafa kidogo. Ubongo wenyewe ndio unakizima.

Mtu akiwa na depression kama hii, akasema, sehemu zingine za ubongo zinapiga kelele mchana kutwa na zingine zimenyamaza, haziskizani. Wanafikiri ile kazi ya kukizima kifafa inazituliza zile za kelele, na pia inaamsha ubongo uanze kujenga viungo vipya.

"Mnafikiri? Hamjui?"

"Tunajua inasaidia watu wengi waliofika alipofika. Kwa nini hasa, susu, hatujui yote."

Wakuu, nimekaa kanisani tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Sijawahi kuona mtu amesimama mbele akasema hajui yote. Nikamwamini hapo hapo.

Hakuficha ubaya pia. Kichwa kitauma. Ataamka amechanganyikiwa. Na atasahau mambo, sana sana ya siku za karibu na matibabu. Mengine yatarudi, mengine yataenda moja kwa moja.

Mwende akaulizwa mwenyewe. Tulingoja, nikafikiri hakusikia. Halafu akasema neno moja. "Fanyeni."

Nurse akanipa sheria yangu. Siku ya matibabu Mwende asiweke kitu mdomoni. Akilala na ile dawa tumbo ikiwa na kitu, kinaweza kupanda kikaingia kwa mapafu, afe kitandani. Nikacheka ile ya uchungu. Nikamwambia, nurse, kama kuna mtu wa kushika hiyo sheria ni huyu, yeye anafunga hata tukimbembeleza.

Hiyo stima hupigwa mara kadhaa, siku tofauti. Za kwanza hatukuona kitu. Mara moja aliamka akamwangalia Mutua, akaniuliza huyu ni nani. Mutua alitoka nje akaegemea ukuta, akampigia mama yake.

Asubuhi ya matibabu yaliyofuata, Mama Mutua akakuja na gari ya kaka yake. Alisimama katikati ya wodi, mkoba kwapani. "Stima ni ya taa na redio," akasema, "si ya kichwa ya mtu. Hiyo ya leo isipofanyika, ama ifanyike nisione kitu, mtoto anaenda nyumbani na mimi." Mutua akaangalia viatu vyake.

Na daktari alikuwa ameshatuambia: tukikatiza hapa katikati, anaweza kurudi chini haraka. Huko chini nilikujua. Huko chini ni kutokula.

Sasa skizeni.

Nilikuwa nampangusa uso na kitambaa. Akafungua macho. Akaniangalia mimi, si ukuta nyuma yangu.

"Mwaitu," akasema. Hiyo ni mama kwa Kikamba. "Mwaitu, nasikia njaa."

Kitambaa kikaanguka. Hilo neno nilikuwa nimeliomba mpaka magoti ikaota sugu, na limekuja asubuhi ile ile, saa ile ile, mtu anangojwa kule ndani.

Mama Mutua alikuwa na flask ya uji wa wimbi. "Haleluya!" Kifuniko kikatoka. Harufu ikajaa wodi, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa.

"Mama Mutua, funga hiyo flask."

"Nifunge? Mtoto ameomba chakula!"

"Anaenda kulazwa na dawa sasa hivi."

"Aende kufanya nini na amepona? Wewe ni mama wa aina gani? Hata kuku anajua kulisha."

"Kuku hapewi dawa ya usingizi. Funga."

Akanisogelea, sauti ikashuka. Hakuwa mbaya, wakuu. Macho yake yalikuwa na machozi. "Kijiko moja tu, mama Mwende. Nurse ako upande ule. Nani atajua?"

Na mimi niliangalia kama nurse anaona. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwa kikombe, mimi sikuutuma. Ukinyonyesha mtoto, mkono unajifunza hiyo njia na hausahau.

Mwende akanivuta leso. "Mwaitu, hata kidogo."

Nikainama mpaka kwa sikio yake.

"Hapana. Hata kijiko moja. Utakula ukiamka."

Akalia. Miezi yote hiyo hakuwa amelia, macho yalikuwa kavu kama shamba. Akalia kama mtoto ameachishwa ziwa, na mimi nikasimama kati ya kitanda na flask, mikono kiunoni. Mama Mutua akajaribu kupita upande wa pili.

"Mama, wacha," Mutua akasema. Alisema polepole, lakini alisema. Manurse wakamchukua Mwende, akaenda akiniangalia vile mtu anaangalia mwizi.

Tulikaa kwa benchi. Mama Mutua alipakata ile flask kama mtoto mchanga. Nikiwaambia sikuogopa nitakuwa muongo. Niliogopa hiyo njaa haitarudi, kwamba nimefukuza mgeni mlangoni.

Akarudishwa. Akaamka amepotea. Tuko wapi, ni siku gani, kwa nini kichwa inauma. Nurse akampima, akangoja, akahakikisha anameza maji vizuri, ndipo akasema sasa anaweza kupewa.

Nikamgeukia Mama Mutua. "Sasa lete."

Alimimina mbio mbio, nusu ikaenda kwa shuka. Uji ilikuwa imebaki vuguvugu. Mwende akanywa. Akanywa tena. Akasimamisha kikombe.

"Hii uji ni nani amepika? Haina sukari."

"Haina sukari!" Mama Mutua akaruka. "Sukari ya mwaka huu wewe uliiona wapi?"

Mutua alicheka mpaka akakaa chini kwa sakafu. Na Mwende akamaliza kikombe akilalamika. Mtu akianza kulalamika juu ya sukari, huyo amegeuza uso anarudi nyumbani.

Hakupona siku hiyo. Alimaliza matibabu yote, akapewa na vidonge, mpaka leo anameza. Lakini kutoka hapo alikula.

Sasa ile sehemu watu huficha. Huo mwaka Mwende hana. Umuulize tulikula nini, anakuangalia tu. Ndiyo maana mimi naukumbuka kwa chakula tulichokula, mtu mmoja lazima aubebe. Alijiona kwa picha za harusi ya binamu yake, akauliza ile nguo nzuri ilishonwa na nani. Ilishonwa na yeye. Mikono haikusahau cherehani, lakini ile harusi imeenda.

Inaniuma, na sisemi ni kitu kidogo. Lakini nilipewa mtu akiwa na shimo la mwaka mmoja. Lile shimo lingine, la kaburi, nilikuwa nimeanza kulifikiria, mpaka nguo ya kumzika nayo.

Hata ile asubuhi haikumbuki. Ni Mama Mutua alimwambia, mama yako alikunyima uji yangu. Akakuja kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli kabisa. Alicheka, ng'ombe wa jirani akageuka.

Nilichojifunza: mtu wako akifika mahali hamezi, usingoje majirani wamalize kukisia. Mpeleke. Muulize daktari yote, hata la kijinga, na umuulize juu ya kusahau kabla hujakubali. Na wakisema asile, asile. Mapenzi mengine ni kufunga flask.

Mimi si daktari. Kama wewe ama mtu wako alipitia hii, andika hapo chini, na kama ilikukataa andika pia, tusikie yote. Hata matusi leteni, niko na majibu.

Wacha niweke simu. Mwende huitwa hospitali mara moja moja kuongezewa stima moja, ule ugonjwa usirudi, na leo ndiyo siku. Mutua anangoja nje. Mvua ilikuwa nzuri, kwa hivyo sufuria iko jikoni na muthokoi yenye maharagwe, na ndengu juu. Huyu hapa amesimama mlangoni, amevaa viatu, ameshika kifuniko.

"Mwaitu, nionje tu kama chumvi imetosha?"

"Hapana. Hata kijiko moja. Utakula ukiamka."