Mchezo wa Magitaa Umerudi, na Mimi Nimo

Enzi zetu, na vijana mtakaosoma hapa naomba msichekecheke, Mafia tulikuwa na mchezo wa kuigiza wenye gitaa la umeme, ngoma za kizungu na nyimbo za roki, na kisiwa kizima kiliujua kwa ghibu. Jina lake rasmi lilikuwa Binti wa Kisimani. Hakuna aliyelitumia ila Mwalimu aliyetufundisha kuuigiza. Sisi tuliuita Mchezo wa Magitaa, ingawa gitaa lilikuwa moja tu.

Sasa mchezo huo unarudi. Mpwa wangu Feisal, mtoto wa kaka yangu, amesomea sanaa Dar es Salaam, amekifufua kikundi, na matangazo yamebandikwa mpaka kwenye mlango wa bucha. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Kisha akaja nyumbani, akaniamkia vizuri, akanambia, "Shangazi, wewe utakaa mbele kwenye kochi la wageni rasmi, tutakuvisha na shada. Nyimbo zote zimesharekodiwa studio. Waigizaji watafuatisha midomo tu." Wimbo wa mwisho, ule aliokuwa akiuimba Dada Saada, mwigizaji wetu mkuu, ameuimba msichana mmoja wa mjini ambaye Mafia hajawahi kuikanyaga. Nilimwambia anywe chai kwanza, maana nilikuwa naelekea kumtukana.

Nakumbuka tulivyokuwa tukitoka chuo cha Kurani, masikio bado yana moto wa kuvutwa na maalimu, tunakimbia moja kwa moja nyuma ya shule kwenye mazoezi. Mwalimu Anyisile, aliyeletwa kutoka Mbeya kutufundisha hesabu, alikuja na gitaa jekundu ambalo wazee walisema linalia kama bati linaloburutwa barabarani. Wazee hao hao baada ya muda walikamatwa msikitini, wakisubiri adhana, wanaziimba nyimbo chini kwa chini. Sisi wadogo tuliigiza watu wa mji, kazi yetu kuitikia. Nyumbani tulitengeneza magitaa yetu kwa dumu la mafuta na mshipi wa kuvulia, tukayapiga mpaka vidole vikachubuka. Rede na kombolela vikakosa wachezaji. Siku moja mama alinikuta jikoni naitikia huku nakuna nazi, akasema, "Kama unaimba, imba. Kama unakuna, kuna. Hiyo nazi unaibembeleza!" Nikaimba, na nazi akamalizia yeye.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya binti aliyekataa kuhama bahari ilipokuja kuumeza mji wa Kisimani. Wote wanakimbia, yeye anabaki anaimba. Binti huyo alikuwa Dada Saada, mtoto wa ukoo wenye mashamba ya minazi, na sauti yake haikuwa nyororo hata kidogo. Ilikuwa na mikwaruzo, ilipanda mpaka ukaogopa itakatika, halafu haikukatika. Sisi watoto wa kike tulimtazama tukasahau kufumba midomo.

Msimu wa kwanza uliujaza uwanja wa Kilindoni. Watu wa kisiwa cha Juani wakaleta malalamiko kuwa wao wametengwa, hawakuona kitu. Basi Mwalimu akatangaza kuwa mchezo unarudi, na mara hii unaanzia kwao. Hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo Feisal hajawahi kuambiwa.

Mwalimu alipanga tuondoke pwani ya Utende saa mbili asubuhi. Siku zenyewe zilikuwa za bamvua, ambapo maji yakiamua kutoka yanatoka kwelikweli na njia ya kwenda Juani inabaki mchanga mtupu. Kila mtu pale pwani alilijua hilo isipokuwa Mwalimu. Lakini kwetu mwalimu hasahihishwi mbele ya wanafunzi wake, ni kumvunjia heshima. Nahodha wetu, Mzee Makame, aliyatazama maji, akatutazama sisi, akasema, "Haya Mwalimu, kama wewe umesema." Mtu wa kwetu akiambiwa maneno hayo anatafuta kivuli akae angoje maji. Mwalimu alisikia ruhusa. Tukapanda mashuani, jenereta, ngoma, watoto na mama yangu aliyetusindikiza, na hatukufika mbali tukakaa juu ya fungu la mchanga.

Wakubwa wakasema mashua ipunguzwe uzito. Katika kuishusha jenereta, mikono ikateleza, ikatumbukia majini mbele ya macho yetu. Mwalimu akajishika kichwa. Akasema basi, hakuna mchezo, na nilimwona anakaribia kulia, mtu mzima na miwani yake. Dada Saada akapandisha kanga kiunoni, akaruka mchangani.

"Hakuna umeme, Mwalimu," alisema. "Mchezo upo."

Na kule Juani watu walikuwa wanatuona. Hawakungoja. Wakaja kwa miguu kwenye mchanga na madimbwi, wanawake na mikeka kichwani, wazee na viti, watoto uchi wanatangulia mbio, mtu na sufuria yake ya mihogo ya nazi bado inatoa moshi. Bibi mmoja alipofika alitandika mkeka wake akatuambia, "Mmekwama nyinyi, sisi hatujakwama. Anzeni!"

Tukaanza. Gitaa bila umeme lilisikika kama mtu anayekwaruza chungu, Mwalimu akaona haya, akaliweka chini akaanza kupiga makofi. Ngoma zilikuwepo. Kingine tulichobaki nacho ni makoo yetu, na hapo mahali pana upepo. Nilielewa siku hiyo maneno ya mama, aliyezoea kutuambia tuimbe kama tunamwita mtu wa ng'ambo. Niliitikia mpaka nikahisi mbavu zinaachana.

Kufika wimbo wa mwisho, maji yakaanza kurudi. Yalikuja taratibu, kwanza yakalowesha ukingo wa mikeka, halafu vifundo vya miguu. Dada Saada anaimba: mji uzame, mimi nimesimama. Wanawake wakainuka, wakakunja mikeka wakaiweka kichwani, wakaendelea kuitikia. Sisi wadogo maji yalitufika magotini. Nilimtazama mama nikidhani ataniita tuondoke, na yeye ndiye aliyepaza sauti, "Imbeni! Maji yana zamu yake na nyinyi mna yenu!" Hakuna aliyeondoka mpaka wimbo ukaisha. Kisha tukakimbia wote, tunacheka, wengine Juani, wengine mashuani.

Dada Saada alitutoka zamani, Mungu amrehemu. Mwalimu alihamishwa akarudi bara. Wale watu wa mji tuliobaki kisiwani tunajuana kwa kikohozi. Ule wimbo mzima, na mapumziko yake, na pale anapoipandisha sauti hadi unaogopa, ninao mimi. Nikikaa kwenye kochi na shada langu, jamani, umekwisha. Kitakachobaki ni sauti ya studio, safi, imeoshwa na kupigwa pasi.

Siwachukii vijana. Wana mavazi yanayometameta, wana spika ndefu kuliko mlango wa nyumba yangu, na dansi lao mimi nikilijaribu nitapelekwa hospitali. Lakini niliwatazama mazoezini. Sauti ikitoka kwenye mashine, midomo inakwenda na macho yako kwenye simu kutazama kama wametoka vizuri. Juzi umeme ulikatika katikati ya wimbo. Wote wakanyamaza pale pale, midomo wazi, kama samaki sokoni. Sisi ulipokosekana umeme ndipo tulipoimba. Wao wanasubiri urudi. Nilisikitika, kwa sababu wana makoo mazuri hawa watoto, nimewasikia wakitaniana njiani, ila hakuna aliyewahi kuwaambia wayatumie.

Basi umeme uliporudi nikapanda jukwaani. Nikamwambia Feisal wimbo wa mwisho nitauimba mimi, kwa koo hili hili, na hao vijana wataniitikia kwa midomo yenye sauti ndani yake. Akaniangalia kwa huruma ile wanayomwangalia nayo mtu mzima aliyeanza kusahausahau.

"Shangazi, watu watajaa. Watarekodi, itasambaa kila mahali. Sauti ikikukatikia pale juu je? Ukikosea mbele ya kisiwa kizima?"

"Nikikosea, mwanangu, nitakuwa nimekosea kwa sauti yangu. Haya, zima hiyo mashine."