Juu ya Lami, Chini ya Lami

Leo nimeunguza omena, dagaa wa ziwani, na harufu yake imenirudisha sokoni, kule kwenye vilima vya chai. Baada ya wiki nzima ya kukatana mapanga, wazee wa makabila mawili ya huko walikutana mbele ya kibanda chetu wakagawana soko: juu ya barabara ya lami kwenu, chini kwetu.

"Na sisi watu wa ziwa?" mama aliuliza.

"Nyinyi si wa huku wala kule, mama. Uza tu samaki," akajibu mzee mmoja, mteja wetu.

Mama hakufunga virago, ingawa kibanda chetu kilikuwa chini ya lami. Kesho yake mchana vijana wa chini walitumwagia petroli, wakawasha kiberiti. Gunia la omena likawaka. Tukakimbilia lami, nywele za mama zikifuka moshi.

Vijana wa juu walikuwa wamejipanga hapo na mapanga, wakilinda upande wao kama walivyokubaliana.