Matawi ya Shemeji Nicolas kwenye Barabara ya Bogoro

Kule Mudzipela, mtaa wa Bunia, ilisemwa kwamba shemeji yangu Nicolas aliweka bariere barabarani kama wale wanaoteka magari. Mimi nilikuwepo. Naandika jinsi ilivyokuwa, ili watoto wa ukoo wetu wasiinamishe vichwa kwa ajili ya uongo.

Nicolas, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa kantonye. Alizibua mitaro na kujaza mashimo kwenye barabara ya Bogoro kwa jembe na koleo. Hata wakati wa vita, risasi zikinyamaza kidogo, alirudi kwenye mtaro wake. Kisha mashine zikaja, barabara ikapanuliwa na kuwekwa lami. Watu waliokuwa wamekimbilia mjini wakarudi kulala Bogoro, na kila asubuhi wakaja kazini Bunia kwa mbio, pikipiki na basi ndogo zikishindana. Nyumba yetu ikabaki ukingoni kabisa mwa lami.

Mama mkwe alipofariki, Nicolas alifanya kama baba yake: alikata matawi kwa panga, akayatandaza barabarani ili wapitao wajue kuna matanga na wapunguze mwendo. Nilimwambia ayaweke kando.

"Mama Orly," akanijibu, "mama yangu hakukuwa mutu wa pembeni."

Basi ya kwanza iliyoyaona iligeuka ghafla ikakimbia. Dereva hakuona msiba, aliona bariere. Haukupita muda mrefu, kamioni ya askari ikafika. Bunduki zikamwelekea Nicolas, panga likiwa bado mkononi.

"Tupa panga! Benzako beko wapi?"

"Beko ndani, banalia."

Askari mmoja akakoki bunduki. Waombolezaji wakalala chini. Panga halikuanguka, nadhani vidole vya Nicolas vilikuwa vimeganda. Nikakaza kitenge changu, nikaenda nikasimama kati yake na askari.

"Komanda, mimi ni mjane wa mwalimu Michel. Huyu ni shemeji yangu, na matawi haya ni ya mama yetu. Ingia umwone."

"Mama, siye tulizika benzetu kwa sababu ya bariere kama hii. Kama hakuna maiti mule, mutajua."

Komanda akaingia, kidole kwenye kifyatulio. Kilio cha wanawake ndani kikakatika.

Alipotoka, kofia ilikuwa mkononi.

"Pole, muzee. Lakini toa majani yote. Kwa barabara hii gari haisimame. Itaua batu, ao siye tutaua weye."

Nicolas akanitazama, kama ananiuliza iwapo aibu ni yetu. Nikaokota tawi la kwanza mwenyewe. Akaokota yaliyobaki.

Moja alibaki nalo. Nikamvika koti la mume wangu, asije akafananishwa tena na mwizi. Hadi tulipotoka kwenda makaburini alisimama kando ya lami akipunga tawi lile. Madereva wachache walipunguza mwendo. Wengine aliwapigia kelele:

"Polepole! Mama iko analala!"